Homa Bay hadi Muhuru kwa Tanga: Ziwa Lenye Upepo wa Kwenda na wa Kurudi!

Nianze na hukumu, maana siwezi kuizuia hadi mwisho: hii ndiyo safari ya tanga tamu kuliko zote nilizowahi kusafiri. Iko Ziwa Victoria! Mimi ni mtoto wa Mombasa, nimekua na harufu ya sifa na ya majahazi yaliyopandishwa mchangani, nimekwenda Lamu kwa tanga na Pemba kwa tanga, kwa hiyo najua ninachosema ninapoliweka ziwa hili mbele. Nimetoka huko juzijuzi tu, mikono bado ina michubuko ya kamba, na tangu nirudi sijazungumza na mtu bila kumwambia afunge virago aende.

Njia yenyewe ni hii. Unapanda chombo Homa Bay, mjini kabisa, chini ya kile kilima cha Got Asego kilichochongoka. Unatoka Ghuba ya Winam kuelekea magharibi, unapita Mbita na Rusinga, unalala Takawiri, unalala Mfangano, halafu unageuza omo kusini na kufuata milima ya Gwassi mpaka Karungu, kisha Muhuru, kaunti ya Migori, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Usiku unatia nanga mahali ambapo hakuna hoteli, hakuna muziki, hakuna boti nyingine ila za wavuvi. Injini hakuna. Sikusema injini imezimwa. Nasema haimo chomboni.

Chombo ni mashua ya mbao ya wavuvi wa Rusinga, nyembamba, ndefu, imechongoka mbele na nyuma, na chini ya omo mkuku umetokeza mbele ya maji kana kwamba mashua inanusa njia. Umbo hilo ni la ukoo wa mitumbwi ya mbao iliyoenea ziwani kutoka upande wa Buganda na visiwa vya Ssese. Hebu isogelee uitazame. Kati ya ubao na ubao kumesindikwa pamba, na juu ya pamba pamepigiliwa vipande vyembamba vya bati, misumari midogo imepangwa kwa ukaribu na unadhifu ambao fundi wa majahazi wa Lamu angesimama kuupigia saluti. Rangi ni nyekundu, njano na samawati, na ubavuni pameandikwa jina kwa herufi kubwa kama ilivyo desturi ya ziwa zima. Kila mashua hapa ina jina na kila jina lina hadithi ya familia.

Na tanga! Tanga la pembe tatu, lile lile letu, limefungwa kwenye foromali ndefu inayoinuka juu ya mlingoti mfupi. Letu lilikuwa limeshonwa kwa magunia meupe ya plastiki, mshono wa mkono, kwa uzi wa nyavu, na karibu na goshi bado ungeweza kusoma "kilo 50" kichwa chini. Msidharau. Gunia hilo halinyonyi maji, halivundi, likichanika linazibwa palepale kwa sindano ya kushonea nyavu huku chombo kikiendelea kwenda, na linashika upepo vizuri ajabu. Nililishika demani kwa muda mrefu asubuhi ya kwanza na nilihisi kila pumzi ya upepo inavyopita kwenye kamba hadi begani. Mashua ni nyepesi kiasi kwamba watu wawili wakihamia upande wa joshi inasimama wima mara moja na kuongeza mwendo. Jahazi haliwezi kufanya hivyo. Jahazi linahitaji kubembelezwa. Hii unaigusa tu inakwenda.

Ila sasa ngoja niseme kitu kilichonifanya niandike makala haya, kwa sababu uzuri wa chombo peke yake usingetosha. Ni upepo. Upepo wa ziwa hili ni wa ajabu na ni wa kuaminika, na ukishauelewa utaona kwamba pwani ya Homa Bay na Migori imeumbwa kwa ajili ya matanga.

Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Kufikia alfajiri hewa baridi inateremka kutoka bara kwenda ziwani, na huo ndio upepo wa kutokea. Jua likipanda, ardhi inapata moto, hewa yake inapaa, na hewa ya ziwani inakuja kujaza nafasi: upepo unageuka, sasa unatoka majini kwenda bara, na unavuma mchana hadi jua linapokaribia kuzama. Wavuvi wameishi kwa mpango huo vizazi na vizazi. Kati ya pepo hizo mbili, saa nne hivi za asubuhi, upepo unakatika kabisa, ziwa linalala, na kila mtu anajua kwamba huo ndio wakati wa chai.

Sasa chukua ramani. Ghuba ya Winam imelala mashariki kwa magharibi. Ukiondoka Homa Bay alfajiri, upepo wa bara unakusukuma mgongoni hadi nje. Ukifika kisiwani na kugeuka kusini, pwani ya Gwassi imelala kaskazini kwa kusini, kwa hiyo upepo wa asubuhi unakujia ubavu wa kushoto, na upepo wa mchana unakujia ubavu wa kulia. Ubavuni asubuhi, ubavuni mchana! Yeyote aliyewahi kushika shikio anajua maana yake: ni mwendo wa kasi kuliko wote, mwendo usiochosha, na hakuna kupiga bisha. Na ukitaka kurudi, hesabu ni ile ile, pande zikibadilishana. Pwani kwetu tunangoja kaskazi miezi, halafu tunangoja kusi miezi. Hapa ziwa linakupa msimu wa kwenda na msimu wa kurudi kabla ya jua kuchwa.

Halafu kuna jambo la pili ambalo mtu wa Pwani atalipenda hadi machozi: hakuna maji kujaa na kupwa. Hakuna bamvua! Unatia nanga jioni karibu na ukingo, unapima kamba mara moja, unalala, na asubuhi maji yapo pale pale ulipoyaacha. Hukupwelewa, hukuvutwa na mkondo, huamki usiku kuangalia kama chombo kimegusa chini. Na maji yenyewe ni baridi, hayana chumvi: kamba hazikakamai, ngozi haiwashi, unachota kwa sufuria na kuchemsha chai papo hapo. Mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, katika ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,000, Kenya ina sehemu ndogo tu, yapata asilimia sita. Lakini jamani, asilimia sita gani hiyo!

Tuliondoka Homa Bay nyota zikiwa bado juu. Nahodha wetu, mzee wa Rusinga aliyeanza kuvua akiwa mtoto, niliyemwita Jaduong', yaani mzee kwa Kiluo, tangu tuliposalimiana, hakutoa amri hata moja kwa sauti. Alinyoosha kidole tu, na kijana wa mbele akajua. Upepo ulikuja kutoka nyuma, laini, na kelele pekee ilikuwa ya maji chini ya mkuku. Kulipokucha tukaona tuko katikati ya wavuvi wanaorudi, mashua baada ya mashua, na kila moja ilitusalimu. Furukombe akalia juu ya mti uliozama. Miti hiyo iko mingi, mabaki ya kupanda kwa maji mwaka 2020, na nahodha anaijua mmoja mmoja.

Mbita unaijua kwa daraja lake. Miaka ya 1980 mfereji kati ya Mbita na Rusinga ulizibwa kwa tuta la mawe na udongo ili magari yavuke, na kwa miongo kadhaa chombo kilichotaka kutoka ghuba kilizunguka kisiwa kizima. Siku hizi kuna daraja, na maji yanapita tena. Tulishusha tanga, tukalaza mlingoti, tukapita chini kwa makasia huku bodaboda zikinguruma juu ya vichwa vyetu, na upande wa pili, ghafla, ziwa likafunguka. Sina namna nyingine ya kulieleza. Ghuba ni maji mazito ya kijani yenye gugumaji linaloelea. Ukivuka pale rangi inabadilika, mawimbi yanarefuka, na mbele yako kuna visiwa vimepangwa hadi upeo wa macho.

Rusinga usiipite tu. Ni kisiwa ambako Mary Leakey aliokota fuvu la Proconsul mwaka 1948, sokwe wa kale wa miaka takriban milioni 18, na ni kisiwa cha mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 na kuzikwa huku nyumbani, ndani ya kaburi lililojengwa kwa umbo la risasi. Kufika kwa tanga kwenye kaburi la Mboya, ukavuta mashua mchangani na kupanda kwa miguu kati ya mashamba ya mtama, ni tofauti kabisa na kufika kwa basi. Nilisimama pale kimya kwa muda.

Lakini kama kungekuwa na mahali pamoja tu pa kuchagua, ningewapeleka Mfangano.

Tulifika kwa upepo wa mchana, baada ya kulala Takawiri. (Takawiri ni mchanga mweupe na minazi, ndiyo, minazi, ziwani! Niliukumbatia mmoja. Mahali pazuri pa kuburudisha macho, jua linapozama mbele yako. Nenda, ila usimalizie safari hapo.) Kutoka mbali Mfangano ni mlima uliotoka majini, kilele chake zaidi ya mita 500 juu ya ziwa, kijani hadi juu, na mawingu yake mwenyewe. Upepo wa ziwa unapopiga upande wa magharibi, upande wa mashariki unabaki shwari, na huko ndiko mashua hutia nanga. Nanga yetu ilikuwa jiwe. Jiwe moja zito lililofungwa ndani ya kipande cha wavu, kamba ya mkonge, basi. Nahodha aliliachia polepole kwa mikono miwili, akaacha kamba ipite kati ya vidole vyake hadi alipohisi limekaa, akaivuta kidogo, akasikiliza, akavuta tena, ndipo akaifunga. Hakuna kifaa kilichomwambia chini ni mchanga au mwamba. Vidole vilimwambia.

Mfangano ni nchi ya Wasuba. Mapokeo yao yanasema wazee wao walivuka ziwa kwa mitumbwi wakikimbia vita na visasi vya Buganda, wakaenea visiwani na kwenye milima ya Gwassi, na leo wengi wao wanazungumza Kiluo huku Kisuba kikibaki kwa wazee na kwa wachache wanaopigania kirudi. Jumba lao la makumbusho, Abasuba Community Peace Museum, liko kisiwani hapa hapa, na ndilo litakalokupa mwongozaji wa kukupandisha kwenye mapango ya Mawanga. Panda! Jasho litakutoka, lakini utakapofika utakuta chini ya paa la mwamba michoro ya miduara ndani ya miduara, myekundu na myeupe, mingine ikiwa na miale inayotoka kama jua. Inasemekana ni kazi ya Watwa, wawindaji waliokaa hapa kabla ya wote waliofuata, na wenyeji waliitumia miamba hiyo kwa ibada za kuomba mvua. Ukigeuka ukatazama nyuma yako, unaona kilichowafanya wachague mahali pale: ziwa lote liko chini ya miguu yako, na mvua unaiona ikitembea majini kabla haijafika. Mashua yetu ilikuwa chini kule, ndogo kama ukucha.

Jioni mama mmoja wa ufukweni alitupikia samaki aina ya ngege. Alimchemsha mzima na nyanya, kitunguu na chumvi, mchuzi mwepesi, akatuwekea ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mweusi, mzito, na mboga ya osuga iliyolazwa kwenye maziwa. Samaki alikuwa ametoka majini mchana ule ule. Mimi ni mtu wa nazi na ndimu, nimekulia samaki wa kupaka, na nawaambieni sikuhitaji kitu chochote zaidi. "Kula kichwa, nyathina, mwanangu," Jaduong' akaniambia, "kichwa ndicho cha mgeni." Nikala kichwa, mpaka macho.

Usiku wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa hili, wakatoka. Hii peke yake inatosha kuwa sababu ya safari. Omena hufuata mwanga. Zamani taa zilikuwa za karabai, sasa nyingi ni za betri na sola, zinawekwa juu ya maboya madogo na kuachwa zielee, wavuvi wakisubiri samaki wakusanyike chini yake kabla ya kuzungusha wavu. Kutoka kwenye mashua yetu tuliona taa zikianza moja moja kuelekea visiwa vya Remba na Ringiti, kisha zikawa nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu, zikipanda na kushuka pamoja na mawimbi. Mkitaka kuziona chagueni giza la mwezi. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa haufanyi kazi na wavuvi hupumzika. Kumbukeni pia kwamba kuanzia Aprili hadi Julai serikali hufunga uvuvi wa omena kila mwaka ili wazaliane. Mwezi mpevu nao una faida yake, ni wakati wa kusafiri usiku, na hilo nimeiahidi nafsi yangu.

Kutoka Mfangano kwenda kusini ndipo ile hesabu ya upepo wa ubavuni inapogeuka kuwa raha ya mwili. Kushoto milima ya Gwassi inateremka hadi majini, buluu asubuhi, kahawia mchana. Kulia hakuna kitu. Ziwa mpaka Uganda. Mashua ililala upande wa demani, kijana wa mbele akakaa juu ya ukingo wa joshi miguu nje, povu likatiririka pembeni, na nahodha akaniachia shikio. Niliimba. Sijui niliimba nini. Mnandi walituandama kwa mstari, karibu na maji, na mara moja kwenye miamba tuliona fisi maji akiwa na samaki mdomoni, akatutazama bila wasiwasi wowote, akaendelea kula.

Nyandiwa tulisimama kwa ajili ya Nyamgondho. Kila Mjaluo anaijua hadithi ya Nyamgondho wuod Ombare, mvuvi maskini aliyetega samaki akamnasa bikizee, akamchukua nyumbani, akatajirika mifugo isiyohesabika, kisha siku moja akalewa akamtukana. Bikizee akainuka akarudi ziwani, na mifugo yote ikamfuata ikazama. Nyamgondho alisimama ukingoni akiegemea fimbo yake mpaka akageuka mti. Wenyeji watakuonyesha mahali penyewe, na alama za kwato kwenye mwamba. Ukifika kwa mashua, ukautazama ukingo ule kutokea majini, kutoka kule alikotokea bikizee, hadithi inakaa pale inapostahili. Nusu saa inatosha, lakini msiikose.

Karungu ni ghuba pana na tulivu, na mji wake wa Sori una soko la samaki linaloamka kabla ya jogoo. Hapa tumeshaingia Migori. Mwaka 1911 Felix Oswald alikuja kuchimba mifupa ya kale katika mabonde ya nyuma ya ghuba, na Septemba 1914, vita vikuu vikiwa vichanga, meli ya Waingereza Winifred ilikutana hapa na tagi ya Wajerumani Muansa iliyobeba mizinga, ikabidi irudi nyuma. Leo mashua za wavuvi zinalala pale pale, na mtoto alikuja kuogelea kuzunguka chombo chetu akiuliza kama tunauza tanga.

Muhuru ndiyo mwisho, na Muhuru ni mahali pa kukaa. Rasi yenye vilima vidogo, maji safi, mashua zimepangwa ukingoni omo zikitazama bara, na magharibi kule, hewa ikiwa safi, vichwa vya visiwa vya mpakani. Katikati yao kuna Migingo, ule mwamba uliofunikwa mabati ambao Kenya na Uganda wamekuwa wakigombania kwa miaka mingi. Hatukwenda. Kule ni polisi, ushuru na vitambulisho, na mwenye kusafiri kwa ajili ya utulivu hana shida napo. Tulibaki Muhuru, tukafua nguo, tukakausha tanga mchangani, na mzee mmoja pale akatuhadithia juu ya mashua za mashindano, zenye matanga makubwa kuliko yetu, ambazo vijana wa visiwani huziandaa mwaka mzima.

Sasa yale ambayo mtu mzima anapaswa kuyajua kabla ya kwenda, na nayasema kwa uzito ule ule. Ziwa hili linaua. Dhoruba zake huja haraka, hasa wakati wa masika na vuli, na mashua nyembamba iliyojaa haina msamaha. Jaketi ya kujiokoa ni lazima, ya kila mtu, ivaliwe si kukaliwa. Niliziona mashua nyingi zisizo nazo na roho iliniuma. Nahodha akisema leo hatutoki, hamtoki. Mashua zinavuja, zote, na kufua maji kwa kopo ni kazi ya zamu; ichukueni kwa moyo, mtajifunza chombo kupitia mikono. Kivuli hakuna. Choo hakuna. Nyavu za mbuta zimetandazwa kila mahali, zikionekana kwa chupa za plastiki zinazoelea, na sasa kuna vizimba vya kufugia samaki ndani ya ghuba nyingi tulivu, kwa hiyo usiingie mahali pa kutia nanga gizani bila mwenyeji. Msiogelee kwenye matete na maji yaliyotuama ukingoni. Kuna kichocho, na kuna kiboko. Rukeni kutoka kwenye mashua, maji ya kina, na mkipanda kaukeni. Na kuna zile siku ambapo wadudu wa ziwa wanainuka kutoka majini kama moshi mweusi na kukifunika kila kitu. Hawaumi. Funga mdomo, jifunike kanga, subiri wapite.

Namna ya kupata chombo ni rahisi kuliko mnavyodhani, na ndiyo sababu nashangaa kwamba vijana wa Nairobi na Mombasa hawajajaa huku. Nendeni Mbita au Homa Bay, ulizeni ofisi ya kamati ya ufuo, ile inayosimamia wavuvi kila bandari ndogo. Waambieni mnataka mashua ya tanga, si ya injini, na mnataka nahodha anayefahamu Gwassi. Kubalianeni bei mbele ya mwenyekiti, lipeni nusu, na nusu mkirudi. Mvuvi anayewapeleka anaacha kazi yake ya siku hizo, kwa hiyo mlipeni vizuri. Wengi wanahamia injini, na mashua za tanga zinapungua mbele ya macho yetu. Kila safari inayolipwa inampa fundi sababu ya kuchonga foromali nyingine. Mwaka 2021 Flipflopi, lile jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa ufukweni, lilibebwa hadi ziwani hapa na kusafiri Kenya, Uganda na Tanzania, na umati ulijitokeza kila lilipotia nanga. Watu wa ziwa wanajua tanga, wanalipenda, wanalishabikia! Anayekosekana ni msafiri.

Bebeni kofia ya kamba shingoni, kanga mbili, mfuko usiopitisha maji kwa simu, tochi, dawa ya mbu, chandarua kwa usiku wa ufukweni, kamba yenu wenyewe mita ishirini hivi, na sukari ya kumgawia kila mama atakayewapikia. Pangeni Juni hadi Septemba kama mnataka upepo ulio imara na mvua kidogo. Mimi narudi Desemba, wakati wa tamasha la Rusinga, kwa sababu Jaduong' ameniambia kijana wake wa mbele anaingia kwenye mashindano na bado wanatafuta mtu mmoja wa kukaa upande wa joshi, na nimeshamjibu.